Semina ya kujiajiri: zawadi au ndo barua inakuja?

Hapa Mombasa ukisikia kampuni imeita wafanyakazi semina ya kujiajiri, watu wanaanza kuulizana nani anaachishwa. Na si umbea, manake mara nyingi semina inakuja wiki chache kabla ya barua, mnapewa soda na mahamri, jamaa wa tai anawaambia mfuge kuku, alafu mwisho wa mwezi kwaheri ya kuonana. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema ukipunguzwa ulipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, kwa hivyo mtu wa miaka 12 anatoka na mshahara wa kama miezi sita, na hizo pesa ndo akajifunzie biashara.

Lakini kusema mafunzo yenyewe hayana maana pia sikubali. Jirani yangu Mikindani alikuwa fundi wa AC kwa hoteli moja upande wa Bamburi, na mkono anao wallahi, anasikiliza tu mngurumo anakwambia hiyo ni feni au ni kompresa. Alipoachishwa akapata kazi ya kwanza Nyali, akamwambia mama mwenye AC shilingi 2,500, na gesi ya AC ndani yake, kufika dukani gesi peke yake ikameza ile pesa yote na nauli ya tuktuk juu yake. Miaka yote hiyo gesi alikuwa anatoa stoo, anasaini anaenda zake. Bei hajawahi kuiona! Hicho ndo kitu semina ya kuku haiwezi kumfunza, angefunzwa na karani wa stoo hapo hapo kazini kwa wiki moja tu.

Waajiri nao wana lao: nikimfunza bei na wateja si ataniacha aende nao? Kwa mwenye gereji ndogo Changamwe namuelewa kabisa. Kampuni kubwa siielewi, manake NITA, shirika la serikali la mafunzo ya kazi, inalipwa na mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mwajiri huyo akipeleka watu kozi zilizokubaliwa anaweza kudai sehemu ya gharama irudi. Tena ni NITA hao hao wanatoa gredi testi, ule mtihani wa cheti cha ufundi, na mafundi wangapi wana mkono ila karatasi hawana.

Penye naona wanaosifu kujiajiri wanaruka ni wateja. Kontena za bandarini zilipolazimishwa kupanda treni ya SGR kwenda Nairobi badala ya malori, hadi amri ikaondolewa 2022, walioumia si madereva na watu wa kliaringi tu, mama wa chakula na fundi wa tairi pia walikaa bure. Sasa hapo ungejiajiri umuuzie nani?

Huyo jirani saa hii anaandika bei za gesi nyuma ya kalenda. Yule mama wa Nyali kampigia tena juzi, akamjibu, mama, gesi nunua wewe, mimi unilipe ufundi.