Roki ya Bonde Letu: Maoni Yangu Kabla ya Kura ya Kituo

Kituo kidogo cha redio jamii ninakojitolea, katika bonde la Mto Great Miami kusini-magharibi mwa jimbo la Ohio, kitapiga kura mwezi huu kuamua kitakuwa kituo cha muziki gani. Leseni yetu ni ya nguvu ndogo, wati 100 tu, aina ambayo tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliianzisha mwaka 2000 kwa ajili ya mashirika yasiyofanya biashara, na matangazo yetu husikika vizuri hadi takriban kilomita 5 na nusu kutoka mnarani kabla hayajamezwa na mikwaruzo. Kwamba tutapiga roki, hakuna anayebisha. Tunavutana pale tunapoulizana ni roki ipi. Nimesimama mkutanoni mara mbili na mara zote mbili muda umekwisha kabla sijamaliza, kwa hiyo naandika hapa kwa ukamilifu, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu miongoni mwa wasikilizaji ninaowafikiria zimo familia za Wakongo wa Dayton ambazo bado hazijaulizwa na mtu yeyote zingependa kusikia nini.

Pendekezo lenye wafuasi wengi ni kwamba tupige roki ya zamani, yaani nyimbo maarufu zilizotoka kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwishoni mwa miaka ya 1980. Hoja yao ni kwamba mtu anayetafuta stesheni akiwa garini hukaa pale anaposikia wimbo anaoujua, na huhama pale anaposikia asioujua. Hoja hiyo ina ukweli, nami siidharau. Ila inafaa tujue orodha za nyimbo hizo zilipatikanaje, kwa sababu hazikushuka kutoka mbinguni.

Kwa miaka mingi vituo vya biashara vya Marekani vimekuwa vikikusanya wasikilizaji ukumbini na kuwasikilizisha vipande vya nyimbo mia kadhaa, kila kipande kikiwa na urefu wa sekunde 10 au pungufu, huku kila mmoja akiandika alama kwenye karatasi. Wimbo unaopata alama za juu huingia katika orodha, na usiotambulika hutoka. Mtu hawezi kuutambua kwa sekunde 10 wimbo ambao hajawahi kuusikia, kwa hiyo kipimo hicho huwapa ushindi walioshinda tangu zamani, na kila kinaporudiwa orodha huzidi kubana. Kituo kikubwa chenye deni la benki na matangazo ya biashara ya kuuza kinaweza kuwa na sababu ya kufanya hivyo. Sisi hatuuzi matangazo ya biashara. Leseni yetu haituruhusu. Tungekuwa tunaazima woga wa watu wengine bila kuwa na hasara yao.

Wanaopenda roki ya zamani husahau pia kwamba muziki huo uliingia redioni kwa njia iliyo kinyume kabisa na upimaji. Mwaka 1964 FCC ilipitisha kanuni iliyozuia vituo vya FM katika miji yenye zaidi ya watu 100,000 kurudia tu vipindi vya vituo vya AM vya mmiliki yuleyule kwa zaidi ya nusu ya muda wao, na ghafla kukawa na masafa mengi yaliyohitaji kitu cha kurusha. Aprili 1967, mjini San Francisco, mtangazaji Tom Donahue alianza kupiga albamu nzima nzima katika KMPX, kituo kilichokuwa kikiishi kwa kuuza muda wa vipindi vya lugha za kigeni. Watangazaji walichagua nyimbo wenyewe kutoka kwenye rafu, wakaunganisha blues na folk na roki kadiri masikio yao yalivyowaelekeza. Miaka michache baadaye mshauri wa redio Lee Abrams aliugeuza uhuru huo kuwa fomula, orodha iliyopangwa na kuuzwa kwa vituo vingi nchini kote, na katikati ya miaka ya 1970 mtangazaji wa roki alikuwa ameanza kupangiwa kila anachopiga. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba anataka kurudi kwenye redio ya ujana wake, namuuliza kwa heshima ni ile ya 1967 au ile ya 1977, maana hizo mbili zilikuwa zikipingana.

Fomula hiyo ilifanya jambo jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo roho yangu inapouma. Iliwaondoa watu weusi katika muziki waliouanzisha. Ukisikiliza kituo cha kawaida cha roki ya zamani kwa siku nzima, utamsikia Jimi Hendrix, na baada yake utasubiri sana. Kisingizio kilikuwa kwamba wengine wote ni wa stesheni nyingine, za soul na funk, hata pale magitaa yao yalipokuwa yakinguruma kuliko ya yeyote. Mimi nilikulia Nairobi, nikasikiliza roki kupitia X FM kwenye 105.5 wakati jiji lilipokuwa bado na kituo hicho, na wala haikunipitia akilini kwamba muziki huo una mlango wa kunizuia. Mlango huo nilikuja kuukuta huku, katika jimbo ambalo lilipaswa kuwa la mwisho kuujenga.

Tazama bonde hili na mji wa Cincinnati ulio jirani yake. Syd Nathan alianzisha kampuni ya King Records mjini Cincinnati mwaka 1943, na katika jengo moja la mtaa wa Evanston ilikuwa ikirekodi, ikitengeneza santuri na kuzisafirisha. Mwishoni mwa 1947 Wynonie Harris alirekodi hapo wimbo wa kurukaruka ambao Elvis Presley aliurudia mwaka 1954, katika siku zake za kwanza kabisa za kurekodi. James Brown alitoa kazi zake nyingi chini ya kampuni hiyo. Ndugu wa Isley, waliozaliwa Cincinnati, ndio waliokuwa na mpiga gitaa kijana aitwaye Jimi Hendrix katika bendi yao mwaka 1964, na mdogo wao Ernie alipokuja kushika gitaa katika miaka ya 1970 alilipiga kwa moto ambao orodha za roki hazikuwa na sababu yoyote ya kimuziki ya kuukataa. Hamilton, ambako baadhi ya wajumbe wa bodi yetu wanaishi, ni nyumbani kwa Roger Troutman na kundi la Zapp. Dayton ilitoa bendi ya Ohio Players.

Kutoka Dayton hiyohiyo, Kim Deal na kundi lake The Breeders walitoa albamu ya mwaka 1993 iliyouza zaidi ya nakala milioni moja nchini Marekani, na Robert Pollard, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alirekodi nyimbo za kundi lake Guided by Voices nyumbani kwa mashine ya kaseti yenye njia nne. Cincinnati ina kundi la The Afghan Whigs. Haya yote yametokea ndani ya mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mnara wetu, na sehemu kubwa yake haimo katika orodha inayopendekezwa. Mtu wa bodi ambaye ninampenda sana aliniambia kwamba nyimbo hizo si za kituo chetu. Nilikosa jibu siku ile. Jibu langu leo ni kwamba kama si za kituo chetu, basi sijui ni za kituo gani.

Mfano wa karibu tunao. Katika mji mdogo wa Oxford, kilomita chache kutoka hapa, Doug na Linda Balogh walinunua kituo cha 97.7 FM mwaka 1981 kwa dola 375,000, na mwaka 1983 wakakigeuza kuwa kituo cha roki mpya, WOXY, ambacho watu walikiita 97X. Kilikuwa na wati 3,000 na kilitegemea mji wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Miami, lakini watu wa Cincinnati na Dayton walinyoosha antena zao kukitafuta. Kila mwaka katika wikiendi ya Siku ya Kumbukumbu, mwishoni mwa Mei, walipiga nyimbo 500 walizoziona bora za roki ya kisasa, na wapo watu wazima leo wanaokumbuka wapi walikuwa walipousikia wimbo wa kwanza katika orodha ya mwaka fulani. Kituo hicho hakikuwahi kuongoza katika vipimo vya wasikilizaji, ila waliokipenda walikipenda kama watu wanavyoipenda timu ya mtaani kwao.

Najua nitakachojibiwa, kwamba 97X ilikufa. Ni kweli. Mwaka 2004 masafa yake yaliuzwa kwa dola milioni 5.6, kituo kikaendelea kwenye intaneti kwa misukosuko hadi Machi 2010, kisha kikanyamaza. Lakini angalia kilichouzwa. Wanunuzi hawakununua muziki ule wala wasikilizaji wale. Walinunua nafasi ya hewani karibu na jiji kubwa, iliyokuwa imepanda bei karibu mara 15, na mmiliki binafsi anayefikia umri wa kupumzika hawezi kulaumiwa kwa kukubali fedha za aina hiyo. Ningekuwa yeye labda ningeuza pia. Leseni yetu ni ya shirika lisilo la faida, haina soko kama lile, na kwa hiyo kile kilichoiangusha 97X ndicho ambacho sisi tumekingwa nacho tangu siku ya kwanza. Wenzetu wenye kinga hiyo wamedumu. KEXP ya Seattle ilianza mwaka 1972 kama KCMU, kituo cha chuo kikuu, na ingali ikichangiwa na wasikilizaji wake. The Current ya Minneapolis, iliyoanza Januari 2005 chini ya redio ya umma ya Minnesota, ilifungua hewa yake kwa wimbo wa Atmosphere, kundi la mji huohuo, tena kundi la hip hop. Hakuna aliyewauliza kama hiyo ni roki.

Kuhusu gharama, kuna dhana potofu ambayo imerudiwa mkutanoni bila kusahihishwa, kwamba nyimbo nyingi tofauti zitatugharimu zaidi. Ada tunazolipa kwa niaba ya watunzi kupitia mashirika ya haki za muziki ya ASCAP, BMI na SESAC ni za jumla. Hazipungui tukipiga nyimbo 300 mwaka mzima, wala hazipandi tukipiga 3,000. Redio ya hewani ya Marekani haimlipi mwimbaji, humlipa mtunzi pekee. Ni matangazo ya intaneti ndiyo yenye hesabu ya waimbaji, na hiyo inahusu wingi wa wasikilizaji, haihusu upana wa orodha. Orodha nyembamba haituokolei hata senti moja.

Ninachopendekeza basi kiandikwe hivi. Kati ya kila nyimbo nne, moja iwe ya mtu au kundi lililotoka katika bonde hili au mji wa Cincinnati, la zamani au la juzi. Wimbo usirudiwe ndani ya siku moja. Mtangazaji apewe nusu ya saa yake aijaze atakavyo, kwa sharti moja tu, kwamba aseme kwa sauti ni nani aliyepiga na ametoka wapi, kwa sababu msikilizaji huvumilia wimbo asioujua anapoongozwa na mtu anayemwamini. Hiyo ndiyo siri ya KMPX na ya 97X, na hakuna programu ya kupanga nyimbo iliyoweza kuifanya kazi hiyo. Nyimbo zinazopendwa na wenzangu zitabaki, nyingi tu, ila zitaketi pamoja na nyingine.

Na usiku wa Jumamosi nimeomba kipindi cha muda wa saa mbili kwa ajili ya roki ya Afrika. Zambia katika miaka ya 1970, serikali ya Kenneth Kaunda ilipotaka redio ipige zaidi muziki wa Wazambia wenyewe, vijana wa miji ya shaba waliokuwa wamekua wakisikiliza roki ya Uingereza na Marekani walianza kutunga yao. Bendi za WITCH ya Emmanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, na Ngozi Family ya Paul Ngozi walipiga gitaa zito lenye mikwaruzo juu ya midundo ya kwao, na santuri zao leo zinatafutwa dunia nzima. Redio iliamua kusikiliza ya nyumbani, na nyumbani kukaitika. Kijana wa Kikongo aliyekulia Dayton, ambaye wazazi wake wana magitaa ya Franco na yeye ana ya shuleni kwake, anastahili kusikia kwamba mambo hayo mawili yaliwahi kukaa katika bendi moja.

Kura ni Jumanne ya wiki ijayo. Badala ya hotuba nitapeleka saa moja ya muziki iliyokwisha kupangwa, niombe tu isikilizwe hadi mwisho kabla ya mikono kuinuliwa. Inaanza na Wynonie Harris, inapita kwa Ndugu wa Isley wakati wa gitaa la Ernie, inaingia kwa wimbo wa Uingereza ambao kila mjumbe anaujua, inakwenda kwa The Breeders, halafu WITCH, halafu kundi la wasichana watatu wa shule ya sekondari ya hapa Hamilton waliorekodi gereji kwao mwezi uliopita na ambao hawajawahi kujisikia redioni.