Siku Kama ya Leo, Lakini Nani Aliichagua?

Zile orodha za "siku kama ya leo" huwa nazisoma zote, na karibu zote hunikera. Mfalme fulani alizaliwa, meli fulani ikazama, nchi fulani ikapata uhuru, mwanamuziki fulani akafariki. Vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja kana kwamba vinajuana. Chini yake watu wanaandika, "Duh, tarehe hii ina mambo!" Mambo gani? Tarehe ni namba. Ila zipo siku chache ambazo ukizichokonoa unakuta matukio yake yanajuana kweli, na yanajuana kwa sababu kuna mtu aliyeyakutanisha makusudi. Ninachodai ni kwamba orodha hizo zingetuambia nani alichagua siku hiyo, na alitaka nini.

Kwanza tumalizane na bahati. Mwaka una siku 366 ukihesabu 29 Februari, na historia iliyoandikwa ina maelfu ya miaka, kwa hiyo hakuna siku isiyojaa. Ukikusanya watu 23 tu wasiojuana, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unavuka nusu; sembuse ukikusanya vita vyote, mapinduzi yote na vifo vyote vya wakubwa. Charles Darwin na Abraham Lincoln walizaliwa siku moja ya mwaka mmoja, 12 Februari 1809. Inapendeza kuijua. Ukishaijua, huna cha kufanya nayo.

Hata ile ya Marekani inayosimuliwa kila mara, ya John Adams na Thomas Jefferson kufariki wote 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru lipitishwe, mimi hainishangazi sana. Adams alikuwa na miaka 90, Jefferson 83, na wote walikuwa hoi. Waliomuuguza Jefferson walisimulia kwamba usiku wa kuamkia siku ile aliuliza kama tarehe nne imeshafika. Mzee anayeisubiri siku anaweza kujikaza mpaka aione. Kinachonichekesha ni kwamba Adams mwenyewe aliamini sikukuu ingekuwa 2 Julai, maana ndiyo siku Kongresi ilipopiga kura ya kujitenga na Uingereza; hata alimwandikia mkewe hivyo. Tarehe nne lilipitishwa andiko lenyewe, na wengi wa waliotia saini walitia 2 Agosti. Taifa likachagua andiko, likaiacha kura.

Kuna pia siku ambayo ningeomba watu waiache ilivyo. Tarehe 7 Aprili 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar kwa risasi. Mwaka 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6, na 7 Aprili ndiyo siku ambayo Rwanda na Umoja wa Mataifa huanza kuwakumbuka Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari. Mambo haya matatu hayana uzi unaoyaunganisha, na anayeulazimisha uwepo anawakosea heshima waliokufa.

Sasa tuje kwa siku zenye mwenyewe. Ninayoipenda kuliko zote, kwa jinsi inavyoonyesha kazi ya mkono wa mtu, ni 18 Januari. Siku hiyo mwaka 1701, mjini Königsberg, mtawala wa Brandenburg alijivika taji akawa mfalme wa kwanza wa Prussia. Miaka 170 baadaye majeshi ya Wajerumani yameizingira Paris, na wakuu wao wanataka kumtangaza Wilhelm, mfalme wa Prussia wa ukoo ule ule, kuwa mfalme wa wafalme wa Ujerumani nzima. Wangeweza kumtangaza siku yoyote. Wakachagua 18 Januari 1871, ili ukoo ule uonekane umepanda ngazi siku ile ile, na wakaifanyia sherehe hiyo ndani ya Ukumbi wa Vioo, kwenye kasri la Versailles, nyumbani kwa adui aliyeshindwa.

Wafaransa hawakusahau. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mkutano wa amani wa Paris ulifunguliwa 18 Januari 1919. Rais Raymond Poincaré hakuwaachia wajumbe kazi ya kukisia: katika hotuba ya ufunguzi aliwakumbusha kwamba siku kama ile, miaka 48 nyuma, dola ya Ujerumani ilitangazwa Versailles na jeshi la wavamizi. Mkataba wenyewe ulipokuwa tayari, Wajerumani wakaitwa kuutia saini kwenye ukumbi ule ule wa vioo. Watu wazima, mawaziri na marais, wanarushiana tarehe kama watoto wanaorudishiana kofi. Orodha ya "siku kama ya leo" itakupa 1701, 1871 na 1919 kwa mistari mitatu mikavu, na kisa chote kitakupita.

Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi na 16 Desemba. Mwaka 1838, kando ya mto Ncome, Makaburu wasiofika 500 wakiongozwa na Andries Pretorius walipambana na jeshi la Mfalme Dingane wa Wazulu. Makaburu walikuwa na bunduki na mizinga nyuma ya magari ya ng'ombe yaliyofungwa pamoja kama boma. Wazulu wapatao 3,000 waliuawa. Upande wa pili hakufa hata mmoja. Makaburu walikuwa wameweka nadhiri kwamba Mungu akiwapa ushindi, siku hiyo wataiadhimisha milele, wao na vizazi vyao. Ikawa sikukuu ya taifa, kwanza ikiitwa kwa jina la Dingane, baadaye Siku ya Agano, kisha Siku ya Nadhiri. Jiwe la msingi la mnara wao mkubwa pale Pretoria liliwekwa 16 Desemba 1938, miaka 100 kamili, na mnara ukazinduliwa 16 Desemba 1949, mwaka mmoja baada ya chama cha ubaguzi kushika serikali.

Lakini siku ikishatangazwa hivyo, hata anayeumizwa nayo anaijua. Mwaka 1930 wakomunisti waliichagua kuwa siku ya kuchoma moto hadharani pasi, yaani vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo, na mjini Durban Johannes Nkosi akauawa. Mwaka 1961 Umkhonto we Sizwe (MK), jeshi la chinichini la ukombozi lenye uhusiano na chama cha ANC, lilijitangaza kwa mabomu na vipeperushi tarehe hiyo hiyo. Tazama na siku zilivyokaribiana: 10 Desemba, siku sita tu kabla, Chifu Albert Luthuli, rais wa ANC, alikuwa Oslo akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Waliotega mabomu yale walijua kabisa kwamba wazungu wangekuwa kwenye ibada na hotuba za kusherehekea ushindi wa 1838. Tarehe ilikuwa sehemu ya ujumbe, na ujumbe ulifika.

Halafu ukaja 1994. Serikali mpya ingeweza kuifuta sikukuu ile, na wengi wangepiga makofi. Ingeweza pia kuiacha, na wengine wangenuna. Ikaibakiza tarehe, ikabadilisha jina: tangu 1995, 16 Desemba ni Siku ya Maridhiano. Mkongwe wa MK na mjukuu wa Kaburu wanapumzika siku moja, kila mmoja na sababu yake, na hakuna aliyenyang'anywa. Wapo wanaoona huku ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mimi naona ni mojawapo ya maamuzi ya busara zaidi kuwahi kufanywa na serikali kuhusu kalenda. Watu wale wale walifanya tena kitu cha namna hiyo mwaka 1996: Nelson Mandela aliisaini katiba mpya tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu, na akaisainia Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwaua watu 69 tarehe 21 Machi 1960.

Saba Saba ni mfano mpole zaidi. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na UNESCO ilipoipa lugha ya Kiswahili siku yake mwaka 2021, ilichukua tarehe hiyo kwa kukumbuka nafasi ya lugha katika kupigania uhuru. Kenya nako kuna Saba Saba ya 1990, ya madai ya vyama vingi na mkutano wa Kamukunji uliopigwa marufuku. Lakini 7 Julai 1937 ndiyo siku ya risasi za daraja la Marco Polo zilizofungua vita vya Japani na China, na 7 Julai 2005 ndiyo siku ya mabomu ya London. Ukiziweka zote kwenye orodha moja, msomaji hana njia ya kujua ipi ilichaguliwa na ipi imejiangukia tu.

Wajerumani wana 9 Novemba, na hiyo ni ngumu zaidi kuiamua, kwa sababu bahati na makusudi vimechanganyika humo. Tarehe hiyo mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa Berlin, tena mara mbili kwa siku moja, na watu wawili wasiopatana. Mwaka 1923 jaribio la Hitler la kupindua serikali lilizimwa Munich, na watu wake 16 wakauawa. Alipokuja kushika madaraka aliifanya siku hiyo kuwa ya kuwakumbuka, na kila mwaka wakongwe wa chama walikusanyika Munich. Ndivyo ilivyotokea kwamba 9 Novemba 1938, habari za kifo cha mwanadiplomasia Ernst vom Rath, aliyepigwa risasi Paris na kijana wa Kiyahudi siku mbili kabla, ziliwakuta wote wamekaa mezani pamoja. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akasimama akahutubia, simu zikaanza kupigwa mikoani, na usiku ule masinagogi yakachomwa nchi nzima. Maadhimisho yalikuwa yameshawakusanya watu wabaya mahali pamoja, na hapo tarehe ikawa na mkono katika kilichofuata.

Mwaka 1989 ilikuwa kinyume kabisa. Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alikuwa mbele ya waandishi wa habari jioni na karatasi ambayo hakuwa ameisoma vizuri. Ilihusu ruhusa ya kusafiri, na ilipangwa kutangazwa kesho yake, tarehe 10. Akaulizwa inaanza lini. Akapekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa anavyoelewa ni sasa hivi, bila kuchelewa. Saa chache baadaye umati ulikuwa umejaa kwenye mageti ya Ukuta wa Berlin, na walinzi wakafungua. Angeisoma karatasi vizuri, pengine leo tungekuwa tunaadhimisha 10 Novemba. Ujerumani ilipotafuta sikukuu ya umoja ilichukua 3 Oktoba, siku ya muungano wa 1990. Haina msisimko wowote, lakini naielewa: utapigaje fataki tarehe ambayo masinagogi yaliteketea?

Kuna na udanganyifu wa kalenda yenyewe. Shakespeare na Cervantes wanasemwa walikufa siku moja, 23 Aprili 1616, na UNESCO iliitumia tarehe hiyo kuweka Siku ya Vitabu Duniani. Uingereza wakati ule ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani ya Julius, Hispania imeshahamia ya Papa Gregory, na kati yao kulikuwa na pengo la siku 10. Hata kama tarehe ni moja, siku ni mbalimbali; tena Cervantes inaaminika alikufa tarehe 22, akazikwa 23. Kinyume chake, Japani ilishambulia Pearl Harbor 7 Desemba 1941 na kutua Malaya 8 Desemba. Ukiisoma hivyo utadhani Malaya ilifuata. Mashambulizi ya Malaya ndiyo yaliyotangulia, kwa kama saa moja hivi. Mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki ndio unaoyatenganisha.

Yote haya, makusudi, bahati na ujanja wa kalenda, yanakutana 28 Juni. Waserbia huikumbuka kama Vidovdan, siku ya vita vya Kosovo dhidi ya Waturuki mwaka 1389. Mwanamfalme Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alipoingia Sarajevo siku hiyo mwaka 1914, vijana wa Kiserbia waliokuwa wakimvizia walijua vizuri ni siku gani. Yeye naye ilikuwa siku yake kwa sababu nyingine: 28 Juni 1900 aliapa kwamba watoto wa mke ampendaye hawatarithi kiti cha enzi. Wote wawili, yeye na mke huyo, waliuawa garini siku ile Sarajevo. Mkataba wa Versailles ulisainiwa 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya mauaji hayo. Mwaka 1989 Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alihutubia umati mkubwa kwenye uwanja wa Kosovo, miaka 600 ya vita vile. Tarehe 28 Juni 2001 serikali ya Serbia ikamkabidhi kwa mahakama ya The Hague.

Na bado vita vya Kosovo havikupiganwa 28 Juni. Vilipiganwa 15 Juni kwa kalenda ya Julius, ambayo Kanisa la Serbia linaifuata mpaka leo. Katika karne ya 19 pengo lilikuwa siku 12, kwa hiyo Vidovdan iliangukia 27 Juni kwa kalenda ya wengine. 1900 pengo likawa siku 13, na ndipo ikatua 28. Mwaka 2100 pengo litaongezeka tena kuwa siku 14. Kanisa likishikilia kalenda yake, Vidovdan itahamia 29 Juni, Franz Ferdinand atabaki 28, na wapanga orodha itabidi watafute maneno mengine.