Dalali anyamaze kuhusu nini, aseme nini

Watanzania tunaonunua nyumba Marekani tuna lalamiko moja: dalali wa huku hasemi. Ukimuuliza mtaa huu una watu gani, anakuelekeza kwenye takwimu za sensa. Ukimuuliza habari za wezi, anakwambia kaangalie tovuti ya polisi. Ukimwomba akutafutie mtaa wenye Waswahili wenzako, anatabasamu kwa adabu na kukurudisha kwenye bei na idadi ya vyumba. Hapa Houston nimewasikia wengi wakiuliza, "Sasa huyu analipwa kwa kazi gani?"

Mimi namtetea.

Sheria inayomfunga mdomo ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kumbagua mnunuzi au mpangaji kwa rangi, dini au taifa alikotoka, na dalali anayekuchagulia mtaa kwa kuangalia watu wake anaweza kuhesabiwa kuwa anabagua. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na kuwa na watoto, 1988. Kabla ya hapo kulinda mipaka ya mitaa ilikuwa kazi ya dalali mwenyewe. Kanuni za maadili za chama cha madalali za 1924 zilimkataza kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambalo lingeshusha thamani ya nyumba. Maadili, eti! Chama kiliomba radhi mwaka 2020.

Na wa kuogopwa ni yule mwenye lugha tamu. Hakwambii kwamba hutakiwi. Anakwambia, "Kule utajisikia uko kwenu," halafu Mzungu mwenye kipato kama chako anampeleka kwingine. Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilichapisha uchunguzi wake wa Long Island, New York: wanunuzi wa kujifanya, weupe na wasio weupe, wenye maombi yanayofanana, waliwaendea madalali 93 na kamera za siri. Wanunuzi weusi walitendewa tofauti katika karibu nusu ya majaribio yao. Kwa hiyo kufunga mdomo peke yake hakutoshi, maana hata orodha ya nyumba anazochagua kukuonyesha inasema. Ukitaka kukaa karibu na Watanzania ni haki yako, lakini taja mitaa wewe mwenyewe, usimwachie yeye akukadirie unafaa kukaa wapi.

Sasa twende Dar. Dalali hajakuonyesha hata mlango, keshakuuliza kabila, dini, umeolewa, una watoto wangapi. Dada asiye na mume anayetafuta nyumba Sinza anaambiwa mwenye nyumba anataka familia. Mwenye familia naye anaambiwa mwenye nyumba hataki watoto. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, dini na jinsia, ila sijawahi kumsikia dalali akiitaja. Tumezoea, kana kwamba mji huu haukuwahi kugawanywa na wakoloni, Wazungu Oysterbay, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini.

Lakini huyo huyo mwenye maneno mengi, muulize habari za maji. Kiwanja unaonyeshwa mwezi wa saba, vumbi tupu, na unaapiwa kwamba hapajawahi kujaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa Jangwani mpaka Mabwepande, na bado viwanja vya bondeni vinapata wateja kila kiangazi. Hati? Inashughulikiwa.

Houston nako kunafurika, tena vibaya. Waliokuwepo wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017 wanajua. Ila hapa Texas muuzaji anajaza fomu ya hali ya nyumba, na tangu 2019 maswali ya mafuriko yameongezwa: maji yamewahi kuingia ndani? Nyumba imo kwenye eneo la mafuriko? Umewahi kudai bima ya mafuriko? Akificha anachokijua, mnunuzi anaweza kumpeleka mahakamani.

Hiyo ndiyo fomu ninayoitamani nyumbani, hata iwe ya ukurasa mmoja. Ijazwe serikali ya mtaa, ambako mauziano mengi yanapigwa muhuri hata sasa, na mwenyekiti anajua masika maji yanafika wapi. Iulize maji, hati, mpaka na njia ya kuingilia. Kabila la mnunuzi lisipewe hata mstari.