Rula haitoshi kwa kitabu cha kale

Orodha nyingi za maktaba siku hizi hutaja ukubwa wa kitabu kwa namba moja tu: urefu kwa sentimita. Majina ya zamani, folio, kwarto na oktavo, wengi wanaona yamepitwa na wakati, na hoja yao ina uzito. Huko Bologna, Italia, kuna jiwe la mwishoni mwa karne ya 14 lililochongwa vipimo vinne vya karatasi. Kikubwa ni sentimita 74 kwa 50, kidogo kabisa 45 kwa 31.5. Ukikunja karatasi ile kubwa mara mbili unapata kwarto yenye urefu wa sentimita 37. Ukikunja ile ndogo mara moja unapata folio ya sentimita 31.5. Kwarto imeizidi folio! Aliyefundishwa kwamba folio ndicho kitabu kikubwa hapo atapotea, na rula ingemsaidia.

Tatizo ni kwamba alifundishwa vibaya. Majina haya yanataja mkunjo: folio mara moja, kwarto mara mbili, oktavo mara tatu. Na mkunjo huacha ushahidi. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono ilichotwa ikiwa rojo kwa fremu ya waya, na waya hizo zikaacha mistari. Inua ukurasa wa folio kwenye mwanga: mistari iliyoachana imesimama wima, alama ya mtengenezaji wa karatasi ipo katikati. Kwenye kwarto mistari imelala, alama imeangukia kwenye mshono, nusu huku nusu kule. Kwenye oktavo mistari imesimama tena, alama imebanwa juu, karibu na mshono. Mjalidi akikata kingo, sentimita hupungua, mistari haigeuki.

Alama hizo si za kupuuzwa. Mwaka 1908 W. W. Greg, msomi Mwingereza wa vitabu vya kale, alichunguza kundi la kwarto za tamthilia zilizohusishwa na Shakespeare, baadhi zikiwa na mwaka 1600, nyingine 1608, nyingine 1619. Alikuta alama zilezile za karatasi zikijirudia kutoka tamthilia moja hadi nyingine. Mpiga chapa gani angetunza mchanganyiko uleule wa karatasi kwa miaka 19? Zote zilichapwa 1619, na ile miaka ya nyuma ilikuwa ya uongo. Kwa karne mbili na zaidi wasomi walikuwa wameiamini, wakabishana toleo lipi lilitangulia. Rula isingeufichua uongo huo hata ingepitishwa mara elfu.

Ni kweli ushahidi huu una mwisho. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutumika vitabuni katikati ya karne ya 18, kisha zikaja mashine, na kwa vitabu vya baadaye sentimita zinatosha kabisa. Kanuni za kuorodhesha vitabu adimu tayari zinaruhusu mkunjo uandikwe kando ya urefu, ni neno moja tu la ziada. Maktaba inayoliacha kwa kitabu cha mwaka 1500 inamlazimu mtafiti kusafiri hadi kwenye kabati lake kutafuta jambo ambalo mworodheshaji alikuwa nalo mkononi.