Eti Kodi Imepanda Kieksponenshali

Wiki jana mwenye ploti alinibandikia barua mlangoni, hapa Nyalenda, Kisumu. Kizungu kitupu. Nilikuwa naelewa jina langu na tarehe tu, mpaka nikagonga neno refu kama treni ya mizigo: eksponenshali. Gharama zimepanda kieksponenshali, kwa hivyo kodi ya nyumba sasa ni 6,500.

Nikaketi nikapiga hesabu. Mwaka juzi 5,500, mwaka jana 6,000. Mia tano, tena mia tano. Hiyo si eksponenshali, hiyo ni kujumlisha kwa darasa la pili! Binti yangu wa sekondari ndiye alinifungua macho: kila hatua unazidisha kwa kiasi kilekile. Anza na 1, rudufu mara kumi, una 1,024. Na si lazima iende mbio. Hata akiba inayozaa asilimia 2 kwa mwaka, faida ikiachwa humohumo, ni eksponenshali, ila utaota mvi ukiingoja. (Yangu ya chama naijua.)

Lakini wenye Kizungu chao wameligeuza neno likawa "sana" tu, nasi tukalidaka. Mhubiri anaahidi baraka za kieksponenshali. Wa boda akiongeza shilingi 20, eksponenshali.

Na kile kitu chenye haki ya neno hilo kimelala pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kijani, kimejaa maua: gugumaji. Likishiba uchafu wetu na likipata nafasi, linajirudufu kwa wiki mbili hivi, pengine hata chini ya hapo. Mche mmoja, baada ya wiki 40, muda wa mama kubeba mimba moja, ni zaidi ya milioni! Boti inatoka alfajiri maji yakiwa wazi, jioni upepo umelisukuma gugu, inakuta imefungiwa nje, watu wanasukuma kwa mipondo huku mbuta wakianza kunuka. Muulize mvuvi sasa. Atakwambia, "Gugu limeongezeka kidogo."

Jumamosi nikamwendea mwenye ploti, barua mkononi.

"Mama, shikamoo. Hili neno hapa umelikosea. Wewe umejumlisha. Eksponenshali ni kuzidisha."

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Kumbe mwanangu una hesabu hivi! Kwa hivyo ulitaka nizidishe?"

Akatoa simu, akaandika 6,000, akabonyeza alama ya mara. Kidole kikaanza kutafuta 2.

Nilituma zile 6,500 kabla hakijafika.