Tope la Mikindani lihesabiwe

Maji yakipwa Mikindani, utaona vijito vya maji taka vikiteremka kutoka kwenye makaazi, vikipenya mizizi ya mikoko hadi Hori la Tudor. Wako wanaosema tusihangaike: mikoko huchuja, na bamvua, ambayo hapa Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hupeleka uchafu baharini.

Hoja hiyo siidharau, ila naona kwanza wanyama wa tope la mikoko wahesabiwe. Mikoko hunyonya naitrojeni na fosforasi kwelikweli. Hata wanyama wa ndani ya tope hunufaika mwanzoni. Nasema nematodi, yaani minyoo midogo mno, na kopepodi, viumbe wadogo wa jamii ya kamba na kaa; wengi wao hawafiki milimita 1, ingawa kiganja kimoja cha tope huweza kuwa na maelfu yao. Hula bakteria na mwani usioonekana kwa macho, nao huliwa na kamba na samaki wachanga. Uchafu ukiwa kidogo, kwao ni chakula, na idadi yao huongezeka.

Kiasi ndicho kinachoharibu. Bakteria wanaoozesha kinyesi humaliza oksijeni, na kwenye tope laini hewa hiyo haishuki zaidi ya milimita chache. Ikiisha, bakteria wa aina nyingine hushika zamu na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Kopepodi kwa kawaida hushindwa mapema. Nematodi wa aina chache zilizo sugu hubaki, wakazaana mno. Anayehesabu vichwa tu atadhani tope lina afya, kumbe aina nyingi zimeshatoweka.

Ndiyo sababu mwaka 1981 wanasayansi Raffaelli na Mason walipendekeza idadi ya nematodi igawanywe kwa ya kopepodi, jibu likiwa kubwa iwe dalili ya uchafuzi. Walipingwa, na kwa mikoko pingamizi lina nguvu: tope lake lina oksijeni haba hata pasipo na choo jirani, na nematodi hutawala kwa maumbile. Kwa hiyo hesabu ya Mikindani peke yake haitoshi. Iwekwe kando ya hesabu ya Gazi, kule Kwale, ambako mikoko haina jiji mgongoni.

Wengine watasema tupime maji tu, ni rahisi. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita ya maji yanayomwagwa. Kipimo hicho kinahitajika, ila chupa moja hueleza saa ile tu iliyojazwa. Tope huweka kumbukumbu ya miezi. Kweli, kutambua aina za nematodi kwa hadubini ni kazi ya wataalamu wachache na hula siku nyingi. Lakini KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, iko Mkomani, mdomoni mwa hori hilohilo. Mimi ningeanza na tope la kabla ya masika na la baada yake, kwa sababu mvua ndiyo hufurisha mashimo ya vyoo, na kila kitu kikaishia mikokoni.