Tumpime mtumishi, lakini na aliyemnyima mafuta

Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa. Kutumbua majipu, yaani kuwaondoa hadharani watumishi wabovu, kulikuwa kumeanza.

Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Mwananchi aliyezoea kuambiwa "njoo kesho" aliona mkubwa naye akibanwa. Uhakiki wa vyeti wa 2017 ulifichua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu hao wasingeondoka kwa semina wala kwa nasaha.

Hofu nayo ina gharama yake. Mtumishi mwenye hofu haamui, anasubiri maelekezo kutoka juu. Faili linalala mezani kwa sababu kusaini kunaweza kumponza, kutosaini hakumgharimu kitu. Isitoshe, taratibu za utumishi wa umma zinataka mtuhumiwa apewe mashtaka kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Anayefukuzwa jukwaani hayapati hayo, hata kama kweli ana makosa.

Njia nyingine ni kupima. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilianza 2004: mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo, wapitie katikati ya mwaka, wapimane mwishoni. Utaratibu mzuri, ila katika ofisi nyingi fomu zilijazwa kwa mkupuo wakati wa kupanda daraja ulipokaribia, na alama zikawa za kupeana. PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi yake mwaka wa fedha 2023/24, inafanyika mtandaoni na kazi zinaingizwa hatua kwa hatua. Hapo naiunga mkono: kughushi mwaka mzima kwa jioni moja si rahisi tena. Mwalimu anayehangaika kutafuta mtandao ili aingize kazi zake ana malalamiko ya haki, lakini hilo linatatulika.

Kinachonisumbua zaidi ni afisa ugani. Lengo lake ni kutembelea wakulima vijijini. Pikipiki imeharibika, OC (fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi) haijaja, mafuta hakuna. Mwisho wa mwaka mfumo unamwona hakutimiza. Aliyeshindwa hapo ni nani? Kwa maoni yangu, upimaji unaoishia kwa mtu wa chini unahamisha lawama tu. Kila lengo liandikwe pamoja na nyenzo zilizoahidiwa, na zisipofika, alama zikatwe kwa msimamizi na mkurugenzi aliyeahidi.

Watakuwepo wa kusema wavivu watajificha nyuma ya "hatukupewa fedha". Baadhi watajaribu. Lakini maombi ya mafuta yana tarehe, hati za malipo zipo, na kitabu cha safari cha pikipiki kipo ofisini. Mkaguzi wa ndani akivilinganisha na taarifa iliyoko kwenye PEPMIS, ataona kama mafuta hayakutoka au yalitoka na wakulima hawakumwona mtu.